Foni Isiyo na Batri

Rumonge, Alhamisi, saa kumi jioni.

Mvua imekatika tangu saa saba, lakini anga bado nzito. Ziwa limekuwa rangi ya majivu, huwezi kujua maji yanaishia wapi na mawingu yanaanzia wapi. Milima ya ng'ambo leo haionekani kabisa. Nimefunga kibanda changu cha kuchaji simu mapema, wateja wakaninunia, nikawaacha wanune.

Nisipoandika, leo sitapata usingizi.

Siku ya tatu hii kwenye kundi letu la WhatsApp, lile la watu wa Rumonge waliobaki na waliotawanyika duniani, hakuna habari nyingine. Sudi, kijana anayetengeneza simu Bujumbura, alichukua sauti za zamani za marehemu baba yake, akazitia kwenye programu ya akili bandia, na baba akatusalimia. Sauti yake yenyewe, pamoja na kile kikohozi chake kabla ya bismillahi. Akatutakia Idi njema. Mtu tuliyemzika sisi wenyewe, jamani!

Basi ikawa kelele. Mwalimu mmoja wa fizikia anasema ni hesabu tu: mashine imelishwa maneno ya mzee, sasa inayacheua, hakuna roho pale. Ustadhi mmoja anasema ni haramu na kila aliyesikiliza atubu. Neema, ambaye siku hizi yuko Australia, akaandika kwamba angetoa mshahara wa mwezi mzima asikie sauti ya mama yake dakika moja tu, na watu wakatulia kidogo. Halafu mwingine akatupa swali lililonikaa kooni mpaka sasa hivi: mtu akitaka mwenyewe kudanganywa, anayemdanganya ana kosa gani?

Nimeandika jibu mara tatu, nimefuta mara tatu.

Wanabishana kana kwamba jambo hili limezaliwa juzi. Mimi nilikuwa mashine hiyo hapa hapa Rumonge, wakati wa vita, kabla simu za mkononi hazijafika. Na mpaka leo sijaacha. Kuna mama mgonjwa, Mama Feza, ambaye Alhamisi iliyopita alinipa swali nimpelekee mwanawe. Mwanawe alikufa zamani. Jibu alilitaka leo, na lilipaswa kutoka kinywani mwangu.

Acha niseme yote hapa, nje ya kundi, kwenu msionijua, kuanzia mwanzo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Vita ilikuwa imeshatuzoea na sisi tumeshaizoea. Barabara ya Bujumbura leo inafunguka, kesho haifunguki. Mabasi yanakwenda kwa msafara nyuma ya askari. Watu wa milimani wameshuka wanalala kando ya ziwa na godoro zao kichwani. Shule yangu ilifungwa, na mama akachoka kuniona nimekaa. Jirani yetu Mzee Haruna, mfanyabiashara wa mawese, alikuwa na foni, akaniita nifanye kazi kwake kwa kuwa nilijua Kifaransa kidogo na sauti yangu inapenya.

Kwa watoto wa leo: foni ni redio ya kusema na kujibiwa. Sanduku la chuma, kifundo cha kuzungusha, kipaza sauti cha kushika mkononi, na waya mrefu uliofungwa juu kati ya michikichi miwili. Ilikula umeme wa batri ya gari. Mzee aliinunua apate bei za ng'ambo, lakini vita ilipokata barabara na barua, watu wakaanza kuja kuwatafuta ndugu zao humo.

Askari wa pozisyo, kituo chao cha hapo jirani, walimpa ruhusa kwa sharti moja: maneno yasisikike nje. Kwa hiyo Mzee akang'oa spika, akabakiza kaske moja, ile ya kuvaa masikioni, na nikaivaa mimi. Mteja anakaa mbele yangu juu ya kistuli, anasema neno lake, mimi nalirusha. Jibu likija nalisikia peke yangu, halafu namrudishia: "Anasema hivi. Anasema vile." Watu wote walijifunza kutazama midomo yangu.

Siku ya kwanza Mzee Haruna alinionya. "Zaituni, weye ni waya. Waya haina maoni. Rudia neno kwa neno, hata ikiwa ni tusi."

Na matusi niliyarudia, wallahi, mbele ya wakwe za watu. Nilirudia posa, talaka, misiba. Kuna baba mmoja nilimwambia kwamba mke wake amejifungua mapacha na kwamba amekufa, yote kwa pumzi moja, kwa kuwa ndivyo ilivyokuja. Sikulia. Nilisema "parle", yaani sema, nikangoja jibu lake.

Mama Feza alikuwa Mukongomani wa Kivu Kusini, mlokole wa kweli kweli, anaanika ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni kwa kibarua. Feza, binti aliyempa hilo jina, alikufa mchanga. Alibaki na kijana mmoja, Wilondja. Huyo alikuwa amevuka ziwa kwenda Mboko, upande wa Kongo, kuangalia shamba la baba yake na kuona kama wanaweza kurudi kwao. Wakakubaliana kila Alhamisi saa tatu asubuhi, Wilondja awe kwenye foni ya Papa Asende kule, na mama awe kwenye foni yetu huku.

Sikuwahi kumwona Wilondja, lakini nilimpenda. Nasema bila haya, nimeshazeeka. Alikuwa anacheka kabla hajamaliza neno, kicheko kinatangulia mbio. Anamwambia mama yake apunguze kuimba nyimbo za kanisa pale ufukweni, ndagala zitaokoka zikatae kuliwa. Mama Feza anacheka mpaka anashika mbavu, ananiambia, "Mujibu kwamba hana adabu!" nami najibu kwamba hana adabu. Miezi sita nilikuwa mdomo wake na sikio lake.

Kisha vita ikawaka ng'ambo nako.

Alhamisi ya kwanza niliita, "Mboko, Mboko, Rumonge anaita, parle," na hakuna aliyejibu. Ule mlio tu, kama mchele unaopetwa kwenye ungo bila kwisha. Alhamisi ya pili vilevile. Ya tatu Mama Feza alikuja amekonda, shingo imekuwa nyembamba, na harufu ya ndagala aliyokuwa nayo siku zote haikuwepo. Maana yake hakwenda kazini, na kama hakwenda kazini basi hakula. Akakaa juu ya kistuli. Akaniangalia midomo.

Nikaita. Mchele ukapetwa masikioni. Nikaita tena.

Sikupanga. Naapa sikupanga. Nilisikia kinywa changu kinasema, kwa salamu yetu ya amani: "Anasema amahoro, mama."

Ungemwona! Alishusha mabega kama mtu aliyetuliwa gunia. Akafunga macho, akasema "Haleluya" kidogo kidogo, mara nyingi. Akaniambia nimwulize anakula nini. Nikauliza mlio ule, kwa sauti, kwa adabu zote za foni. Halafu nikajibu: anasema muhogo na sombe ya majani yake, anasema hata huko kuna watu wenye kuimba vibaya kuliko wewe. Akacheka. Akaondoka akaenda kazini, na jioni nilimwona ufukweni anageuza ndagala juu ya vichanja, anaimba.

Nikajiambia ni Alhamisi moja tu.

Uongo nao una njaa yake. Alhamisi iliyofuata alikuja mapema, amejitanda kitenge kizuri. Na iliyofuata. Nilikuwa najua Wilondja angesema nini, anaanzaje, ananyamaza wapi. Yule mwalimu wa fizikia yuko sahihi, nilikuwa nimelishwa. Miezi sita ya maneno ya mtu mmoja kupita mdomoni mwangu, yangekosaje kubaki?

Lakini mwalimu anieleze habari ya bakuli.

Siku hiyo maneno yaliniishia. Nilikuwa nimechoka, usiku wake walipiga risasi mpaka alfajiri. Nikafungua kinywa nijaze nafasi tu, nikasema: "Anasema lile bakuli la kijani lililovunjika, mama, usilitupe." Sijui lilitoka wapi. Sikuwahi kuingia nyumbani kwake, sijui ana bakuli au hana. Mama Feza akaweka kiganja mdomoni. Bakuli la kijani lilikuwa la mama yake mzazi, alilivuka nalo ziwa. Lilimponyoka asubuhi ile ile akiosha vyombo, na vipande alikuwa amevikusanya kwenye ndoo ya taka kabla ya kuja kwetu. Alikuwa peke yake ndani.

Alikwenda akavitoa. Anavyo mpaka leo.

Najua mtaniambia bakuli huvunjika kila siku Rumonge, na ya kijani yako mengi. Mimi pia nilijiambia hivyo. Niliendelea kujiambia hivyo mpaka Alhamisi ile ya batri.

Tulikuwa katikati ya maongezi. Nasema "maongezi" kwa kuwa ndivyo yalivyokuwa, maneno yalikuwa yanakuja kabla sijayatafuta, na nilishaanza kucheka kabla ya kumaliza neno, kile kicheko chake. Mzee Haruna akapita mlangoni. Akasimama. Akauliza kama ng'ambo wamerudi hewani. Nikamwitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Akaangalia chini ya meza, akaniangalia mimi, akaondoka. Mama Feza alipokwenda zake, niliinama nikaangalia. Batri haikuwepo. Ilikuwa imepelekwa kuchajiwa tangu Jumanne, na mimi mwenyewe ndiye niliyeifungua nyaya. Sanduku lilikuwa limezimika, hata ile taa yake nyekundu.

Na mimi mlio ule nilikuwa nausikia saa nzima.

Kwenye kundi kuna mtu aliandika jana kwamba sikio likizibwa husikia damu yake lenyewe. Huenda. Kuna mambo mengi ninayopenda yawe ni damu yangu. Lakini mchana ule nilikaa peke yangu kwenye kile chumba, jua linawaka nje, bata wa Mzee wanapita uwanjani, na nikaogopa kuvua kaske kwa kuhofia kwamba mlio hautakatika.

Sasa nafika penye kosa langu. Lile la huruma mtu anaweza kunisamehe, hili lingine sijui.

Risasi zilianza kushuka kuja upande wa ufukweni. Walichoma nyumba Gatete, si mbali na sisi. Wanawake waliokuwa wakianika ndagala na Mama Feza, Wakongomani wenzake, wakapatana na mwenye mtumbwi wa mota awavushe mpaka Kigoma, kwenye kambi za wakimbizi. Mtumbwi ungeondoka Ijumaa. Alhamisi Mama Feza akaja kwangu na swali moja, na hakukaa hata juu ya kistuli.

"Mwulize Wilondja. Niende na wenzangu, ao nimungoje hapa?"

Nilijua jibu. Mtu yeyote angejua jibu: nenda, mama, kimbia. Hata kwa uongo wangu ningemwokoa. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi, batri imejaa, kaske masikioni, nikaita Mboko kama kawaida ili nionekane naita.

Na Mboko akajibu.

Ilikuwa sauti ya Papa Asende, mbali, inakatika, lakini ni yeye. Akasema amerudi jana kutoka porini. Akasema, "Kama mama ya Wilondja anakuja kwako, umwambie pole pole. Kijana alikufa wiki ya kwanza kabisa. Nilimuzika mwenyewe, kando ya njia, kwenye milimau." Akauliza kama nimepata. Akauliza tena.

Mama Feza mbele yangu, macho kwenye midomo yangu.

Neno kwa neno, hata ikiwa ni msiba. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa watu wasiohesabika. Lakini wale niliwapa kifo kimoja. Huyu ningempa kifo, na miezi minne ya Alhamisi juu yake, na angejua kwamba kila alipocheka alicheka na mimi. Niliogopa uso wake. Basi, ndiyo hivyo tu. Niliogopa uso wake utakavyonigeukia. Nikamwambia Papa Asende "nimepata", nikasema: "Anasema nenda, mama. Nenda na wenzako. Yeye atakufuata Kigoma."

Mama Feza hakushusha mabega. Aliniangalia muda mrefu, kama anayepima kitenge kama ni chenyewe au cha bandia.

"Leo haiko yeye," akasema.

Nikamwambia ni yeye, mama, sauti tu inakatika. Akatikisa kichwa. Akasema amemzaa, anamjua. Alhamisi zote zile alikuwa yeye. Leo nimeongea mimi. Basi hatakwenda popote mpaka Wilondja mwenyewe aje amwambie. Akajifunga kitenge akatoka.

Katika miezi ile minne, siku pekee niliyosikia kweli sauti kutoka ng'ambo ndiyo siku aliyonikatalia.

Ijumaa mtumbwi uliondoka bila yeye. Nilikuwa ufukweni. Rafiki yake alimwita kutoka kwenye maji, na mtoto mgongoni, akamwita mpaka koo likakauka. Yule mtoto mgongoni ndiye Neema wa Australia, huyu anayeandika kwenye kundi kuhusu mama yake. Walikaa Kigoma miaka, wakapata ndege ya kwenda Australia, watoto wakasoma. Mama Feza alibaki na vichanja vitupu. Wiki mbili baadaye, asubuhi watu wakichota maji, risasi zilimiminika kutoka mlimani, na moja ikamwingia gotini. Tangu siku hiyo anatembea na fimbo. Kila nikiona ile fimbo najua nani aliichonga.

Msije mkadhani sikumwambia. Nilimwambia! Alipokuwa amelala na goti limefungwa, nilipiga magoti kando ya mkeka nikatoa yote: kwamba tangu Alhamisi ya tatu ilikuwa ni mimi, kwamba Papa Asende alimzika kwa mikono yake. Nililia mpaka kamasi. Nilitaka anipige.

Alinifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Watu ya ng'ambo wanasema maneno mengi," akasema. "Hata mimi wamenizika mara mbili, na niko hapa nakuangalia. Sasa weye mutoto, unasema ilikuwa weye. Bakuli, ulijuaje?"

Nikainuka kumchotea maji ya kunywa.

Na Alhamisi alijikokota mpaka kwa Mzee Haruna, akakaa juu ya kistuli, goti limenyooka mbele. Ningefanya nini? Nilivaa kaske.

Vita ikaisha. Mzee Haruna akafariki, Mungu amrehemu, na watoto wake wakanipa lile sanduku kwa kuwa hakuna aliyelitaka. Simu za mkononi zikaja, ule waya wa michikichini tukautumia kuanikia nguo. Niliolewa, nikaachika, nikafungua kibanda. Mama Feza hana mtu, kwa hiyo nilimhamishia chumba cha uani kwangu. Nilijaribu kumwambia dunia imebadilika, foni zimekufa, siku hizi ni simu. Akanijibu, "Wilondja hana simu, ana foni," na akanitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Sanduku liko kando ya kitanda chake, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Halina batri, nyaya zake zinaning'inia hewani. Kila Alhamisi saa tatu nimekwenda. Nimekosa arusi za watu, nimekosa mazishi. Wilondja bado ni kijana, mimi ndiye niliyezeeka.

Tangu mwezi uliopita hawezi kuinuka. Daktari ametuambia turudi nyumbani, na tunajua maana yake. Hali chochote ila vijiko viwili vya uji, dawa za maumivu anazitema. Alhamisi iliyopita akanipa lile swali: "Mwulize kama nije sasa, ao ningoje tena." Nikamwambia mawasiliano mabaya, mvua, tujaribu wiki ijayo. Akasema sawa, lakini Alhamisi ijayo usikose jibu.

Nikisema aje, ataacha hata vile vijiko viwili, namjua. Nikisema angoje, atangoja, na maumivu yake nitakuwa nimeyarefusha mimi, kwa mara ya pili namzuia safari. Siku tatu hizi nimebishana na watu wa kwenye simu kichwani mwangu, mwalimu, ustadhi, Neema. Mwishowe nilichagua kusema angoje. Na sababu nitaiandika hapa kwa kuwa hakuna anayenijua: si kwa ajili yake. Ni kwamba akienda, Wilondja naye anakwenda, na mimi nitabaki na nani?

Leo saa tatu mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilimpelekea uji, nikaondoa kitambaa juu ya sanduku, nikavaa kaske. Nikaita Mboko.

Mlio haukuja.

Miaka yote hii, iwe ni damu yangu au ni nini, ule mchele haujawahi kukosa kupetwa. Leo kimya. Kimya hata cha mvua, kama mtu ameifunga dunia mlango. Nikafungua kinywa niseme lile nililoliandaa, "Anasema ngoja, mama," maneno matatu ya mazoezi, rahisi kabisa, na hayakutoka. Nilijaribu tena. Midomo inacheza, sauti haiko. Mama Feza ananiangalia midomo. Machozi yakaanza kunitoka mbele yake, mwanamke mzima.

Akanyoosha mkono. Ule mkono umebaki mfupa. Akaivuta kaske kutoka kichwani mwangu, akaivaa yeye, juu ya kitambaa chake cha kichwa. Haijawahi kutokea. Tangu vita hajawahi kuigusa.

Akasikiliza. Nikakaa juu ya kistuli mbele yake, na nikajikuta natazama midomo yake.

Alisikiliza kwa muda, akiitikia kwa kichwa kidogo kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. Mara moja alicheka. Halafu akaanza kunirudishia, taratibu, neno kwa neno.

"Anasema amahoro, dada Zaituni."

Nikasogeza kistuli karibu zaidi.

"Anasema murakoze, asante sana. Anasema umesema sana, sauti imekauka. Pumuzika sasa." Akasikiliza tena. "Anasema Alhamisi ijayo usikuje peke yako. Ukuje na watu."

Kisha akavua kaske, akaukunja waya wake vizuri, akaiweka juu ya sanduku na kulifunika kitambaa. Akaomba uji. Akanywa kikombe kizima, akajifuta mdomo, akalala.

Sikumuuliza kama amesikia kweli, au amenihurumia tu kama nilivyomhurumia yeye siku ile. Nimekaa hapa tangu mchana na simu mkononi, kundi linaendelea kubishana, jumbe mia mbili sijazisoma. Nimepiga simu moja tu. Nimempigia mchungaji wa kanisa lao, nikamwambia atafute wanakwaya na watu wa kubeba jeneza, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Hakuniuliza nimejuaje.